Ganzi ya nyayo na jinsi chanzo chake kilivyojulikana

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, na nina kisukari cha kumeza vidonge. Kwa hiyo nyayo zilipoanza kufa ganzi, kila mtu alikuwa na jibu mkononi. Zahanati waliniambia sukari inakula mishipa, wakanipa dawa ya maumivu. Mama mkubwa akasema nimekanyaga kitu, twende kwa mtaalamu wake Mkuranga. Jirani akasema ni umri. Umri gani, na hamsini sijaifikia?

Kilichonisumbua ni kwamba sukari yangu ilikuwa inasoma vizuri. Daftari la kliniki lipo, asubuhi nyingi ni 5 au 6. Halafu kulikuwa na vituko ambavyo jibu la sukari halikuvigusa. Ganzi ilianza kwenye vidole vya miguu yote miwili kwa pamoja, ikapanda, kisha ikaja mikononi. Nikifumba macho nikashika satini na kitenge, sijui kipi ni kipi. Nikiinamisha shingo kuangalia mshono, kitu kama umeme kinashuka mgongoni; nikiinua shingo, kinakata. Usiku taa zikizimika nayumba mpaka nishike ukuta. Wanangu wakawa wananitania eti mama kaonja kitu.

Foleni ya kliniki ni ndefu na daktari ana dakika chache. Ukimwambia "mwili wote sijisikii vizuri," ataandika maumivu ya mwili, na simlaumu. Nikaanza kuandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja: imeanza wapi, upande mmoja au pande zote, nilikuwa nafanya nini, inaisha nikifanya nini. Nilipoomba rufaa mara ya kwanza nikaambiwa nisubiri dawa ifanye kazi. Safari nyingine nikamkuta kijana mmoja zamu yake, nikampa karatasi asome mwenyewe badala ya kumsimulia. Alipofika kwenye ule mstari wa shingo akanyanyua macho, akanitazama, akavuta fomu ya rufaa ya Muhimbili.

Nilikwenda Upanga, iliko Muhimbili, na pesa ya mchezo mfukoni, nikijua napelekwa moja kwa moja kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Bingwa wa mishipa ya fahamu akaniambia nivue viatu. Akachukua chuma chenye meno mawili, akakigonga kikaanza kuvuma, akaweka shina lake kwenye kidole gumba cha mguu.

"Mama, unasikia kinatetemeka?"

Nasikia ubaridi wake tu, nikamjibu. Akakipandisha kwenye kifundo: vilevile. Gotini ndipo nikasikia mtetemo. Akanisimamisha miguu pamoja, macho wazi, nikasimama sawa. "Sasa fumba." Nikaanza kwenda chini, akanidaka.

Swali lililofuata ni dawa. Nilikuwa natumia metformini, kidonge changu cha sukari, tangu kabla mwanangu wa mwisho hajaanza shule, na sasa yuko sekondari. Akanieleza kwamba metformini ikitumika miaka mingi inaweza kuzuia utumbo kufyonza vitamini B12, ile tunayoipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Ini lina akiba yake, ndiyo maana upungufu unakuja polepole, unaanza kula mishipa ya fahamu na uti wa mgongo bila mtu kushtuka. Na wingi wa damu yangu ulikuwa wa kawaida, kwa hiyo huko nyuma hakuna aliyehangaika kupima B12. Isitoshe nilikuwa nimepewa foliki asidi ya kuongeza damu, ambayo inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ikiendelea kuharibika. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwataka madaktari wapime B12 kwa wanaotumia metformini wakiona dalili za namna hii.

Nilipimwa pia VVU, kaswende na tezi ya shingo, maana navyo vinaweza kuleta ganzi. Vyote safi. B12 ikarudi chini sana. Nikauliza kama niache metformini, akasema hapana, sukari ikipanda nayo itaharibu mishipa hiyohiyo. Nikaanzishiwa sindano za B12, mwanzoni za karibukaribu, kisha za kuachana. Picha ya MRI ilikuja baadaye, na kwa maoni yangu kile chuma kilishamwambia daktari mengi kabla yake.

Umeme wa shingoni ulikata kwanza, ukifuatiwa na mikono. Satini naijua tena kwa vidole. Nyayo ndizo zinachelewa, na daktari hakunipa ahadi, alisema mishipa iliyokaa muda mrefu bila B12 huenda isirudi yote. Cherehani ya kukanyaga nimemwachia binti ninayemfundisha. Mimi natumia ya mota, tena peku, kwa sababu nikivaa viatu bado nazidisha mwendo na mshono unakimbia.