Tarawehe, udhu na tumbo langu

Ramadhani ya mwaka juzi nililijua birika la msikiti wetu kuliko mihrabu. Rakaa nne za mwanzo za tarawehe mzima, ya tano tumbo linaanza kunguruma, ya saba udhu huo umekwenda. Usiku mmoja nilitia udhu mara tatu, hata kijana anayeadhini akaniuliza, "Ami, leo joto limekuzidi?"

Lawama zote nilizitupia mbaazi. Tena si uzushi: mbaazi na maharage yana sukari ambazo mwili hauna kimeng'enya cha kuzivunja, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua na kutoa gesi. Mke wangu akaziondoa kwenye futari. Siku kumi tukala mihogo na samaki, na tumbo lile lile.

Nikenda kwa daktari. Aliniuliza kama napungua uzito, kama naona damu chooni, kama maumivu yananiamsha usiku. Jibu lingekuwa ndiyo, alisema, angenipeleka kwenye vipimo moja kwa moja. Akaniambia pia kwamba kutoa upepo hata mara 20 kwa siku si ugonjwa. Nilitamani mke wangu angekuwepo alisikie hilo. Dawa hakunipa, alinipa kazi: kila ninachotia mdomoni nikiandike, pamoja na saa.

Daftari bado ninalo. "Saa 12:25 jioni: tende 3, maji ya barafu gilasi 2, uji, chai ya maziwa vikombe 2. Saa 2:20: tumbo." Kurasa zote ni hivyo hivyo, isipokuwa siku mbili tulizofuturu kwa watu tukapewa chai ya rangi. Siku hizo tumbo kimya.

Sikukubali. Maziwa nimeyanywa tangu utotoni! Lakini ndivyo ilivyo kwa karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani: kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua ukubwani. Nikaacha wiki mbili, kisha nikajijaribu kwa kikombe kikubwa cha maziwa matupu. Baada ya saa mbili tumbo lilikuwa ngoma. Mtindi hauniletei matata, kwa sababu sehemu ya sukari ile imeshaliwa na bakteria wakati maziwa yakiganda.

Na yale maji ya barafu niliyokuwa nayagugumia kwa pupa, yalikuwa yanaingia na hewa. Sasa nakunywa polepole.

Mbaazi zimerudi: zinalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, zinachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa tena, ndipo litiwe tui. Mama anashikilia kuwa kilichoniponyesha ni uzile na tangawizi alizokuwa akinichemshia. Sibishani naye, kinywaji chenyewe kitamu.

Chai ya maziwa ndiyo inayonitia majaribuni, hasa ugenini, ikija inanukia iliki na imefunga utando juu. Nanywa nusu kikombe, na Isha naisali nyumbani.