Na yangu kapewa nani?

Mwaka 2013 nilikuwa naandika programu kwenye kampuni ndogo pale Kijitonyama, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, lifti mbovu tangu tuhamie. Kazi yetu ilikuwa ya utarishi. Mtu ananunua umeme wa luku kwa simu, mtandao wa simu unamkata pesa na kutuletea ombi, sisi tunalipeleka kwenye seva inayouza umeme, seva inatoa tokeni ya tarakimu 20, sisi tunamrudishia mteja kwa meseji. Huyo tarishi wa katikati, aliyemwandika ni mimi, na nilikuwa najivuna naye.

Ijumaa moja alipanda ngazi mama mmoja fundi cherehani wa Mbagala, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Simu ya huduma kwa wateja alishaipiga hadi salio likaisha. Akatoa daftari la shule, la mwanawe bila shaka, akatuonyesha tarakimu 20 zilizoandikwa nne nne, mara mbili: mstari mmoja kwa mwandiko wake, mwingine kwa mwandiko wa mtoto, ili isije ikasemwa amekosea kunakili.

"Nimeingiza mara sita. Mita inakataa."

Tukafungua kumbukumbu za seva. Ombi lake limefika, sawa. Limepelekwa, sawa. Jibu limerudi, sawa. Meseji imekwenda, sawa. Msimamizi wangu akamweleza kwa upole kwamba kwetu kila kitu kiko vizuri, pengine mita ndiyo ina tatizo. Mama akamtazama, akalitazama daftari.

"Hii namba si yangu. Na yangu kapewa nani?"

Vijana wawili waliokaa nyuma wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumjibu pia. Tukamtengenezea tokeni nyingine kwa mkono, akashuka zake.

Jioni ile ile tukahesabu malalamiko mengine saba ya namna hiyo, yote ya kati ya saa moja na nusu na saa mbili kasorobo usiku wa jana yake. Kabla na baada ya hapo, shwari. Saa mbili kasorobo mtu wa zamu alikuwa amefanya tulichokuwa tunafanya kwa kila ugonjwa: zima seva, washa. Wiki mbili kimya, halafu likarudi, tena saa za jioni, watu wanaporudi nyumbani na kukuta giza. Bosi akaniambia niongeze mistari ya kumbukumbu kwenye programu. Nikaongeza. Nikapata mistari mingi zaidi inayosema sawa.

Siku za Jumanne na Alhamisi alikuwa anakuja mzee mmoja, mshauri wetu, fundi mstaafu wa mitambo ya simu za mezani. Vijana walimwona kama pambo la ofisi. Alikuwa na kalamu ya risasi, na karatasi zake zilikuwa nyuma ya barua za zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nasikia mna jini kwenye seva."

Nikaanza kumfungulia programu, akaifunika kompyuta kwa kiganja. Hakutaka kuona programu. Alitaka nimwambie tarishi wangu anaweza kuwa katika hali ngapi, na katika kila hali anasikia nini na anasema nini. Nikasema hali mbili: anangoja mteja, anangoja jibu. Akachora. Hali aliichora boksi lenye pande za mviringo. Ujumbe unaoingia boksi lililong'atwa ubavuni. Ujumbe unaotoka boksi lenye ncha kama mshale. Hiyo ndiyo SDL, lugha ambayo kamati ya kimataifa ya simu, CCITT, ilianza kuipendekeza mwaka 1976 ili watengenezaji wa mitambo ya nchi mbalimbali waelezane mtambo unafanya nini bila kubishana. Yeye alifundishwa kwenye kozi ya miezi mitatu ughaibuni, na picha zake zilikuwa safi kuliko chochote nilichowahi kuona chuoni. Chuoni tulichora mishale ili tupate alama, basi.

Tulipomaliza tukaitazama picha. Ilikuwa nzuri, na haikuwa na kosa lolote. Mzee akagonga lile boksi lililong'atwa, lililoandikwa neno moja, jibu.

"Jibu la nani?"

"La mteja aliyeomba."

"Hapa pameandikwa jibu tu."

Akaondoka kuwahi daladala. Vyombo vya kukagua picha za SDL kwa kompyuta, alisema, zama zake vilikuwa ghali, vya makampuni makubwa. Usiku nikatafuta cha bure nikaangukia SPIN. Kiliandikwa na Gerard Holzmann kule Bell Labs, maabara ya Marekani, na tangu mwaka 1991 kimekuwa kikigawiwa bure. Unakielezea mfumo wako kwa lugha iitwayo Promela, kisha kinapita njia zote ambazo mfumo unaweza kupita, si moja moja kwa bahati kama tunavyojaribu sisi, zote. Kikikuta inayovunja ulichoahidi, kinakuonyesha hatua kwa hatua ulivyofika pale.

Kujifunza Promela kuliniumiza kichwa kwa sababu inafanana na lugha ninazozijua. Ina mabano yale yale, ina nukta mkato zile zile, unadhani uko nyumbani. Alama ya mshangao ni kutuma, alama ya kuuliza ni kupokea, urithi wa Tony Hoare, mtaalamu wa kompyuta, aliyeziandika hivyo kwenye makala yake ya mwaka 1978. Kwa hiyo `ombi!mteja` ni kupeleka namba ya mteja kwenye mfereji uitwao ombi, na `jibu?tokeni` ni kungoja kitu kitoke kwenye mfereji wa jibu. Hapo sawa. Tabu ilikuwa kwenye kuchagua. Lugha nyingine ukiandika njia mbili unaweka sharti: ikiwa hivi, pita huku. Promela inakuruhusu kuacha njia mbili wazi bila kusema ipi. Nikawa naweka masharti kila mahali, mkono umezoea, na kila sharti nililoweka lilikuwa linafunga mlango ambao jini lingepitia. Sikujua hilo wakati ule.

Jambo lingine lililonisumbua: nitaandikaje kwamba tokeni ni ya mtu fulani, wakati tarishi haoni hilo? Mzee akanijibu Alhamisi, akitafuna kitumbua. "Wewe mwandishi unajua. Yeye tarishi hajui. Acha tokeni ibebe jina la mwenyewe, ila tarishi usimruhusu kulisoma. Lisome wewe mwishoni." Ndivyo nilivyofanya. Mwishoni nikaweka dai moja: tokeni aliyopewa mteja ni ya mteja huyo.

Nikaendesha. Makosa: 0.

Mzee akasoma mistari yangu, Promela alikuwa haijui lakini mshangao na kuuliza alivielewa mara moja, mishale yake hiyo. Akasema nimeandika dunia isiyo na mvua. Kweli, muuzaji wangu wa umeme alikuwa anajibu kila ombi, papo hapo. Nikamruhusu apoteze ombi. Nikamruhusu tarishi achoke kungoja, kama alivyokuwa akichoka kwenye programu halisi baada ya sekunde 60, amrudishie mteja pesa na kumhudumia anayefuata. Promela ina neno lake kabisa la muda kuisha, `timeout`, nikalitumia.

Makosa: 0.

Nikaenda kwa bosi na sifuri yangu. Akafurahi. "Kwa hiyo ni mita," akasema. Nusura nimwamini, maana sifuri ilitoka kwenye kompyuta na ilikuwa imepita njia zote.

Nilikuwa nimechapisha kurasa za mwongozo wa Promela, nikawa nazisoma kwenye daladala ya Mwenge. Karibu na kituo cha Sayansi nikafika penye maelezo ya `timeout`. Sikushuka kituo changu. Neno lile halimaanishi kwamba muda umekwisha. Promela haina saa. Neno lile linakuwa kweli pale tu ambapo hakuna kitu kingine chochote, katika mfumo mzima, kinachoweza kusogea. Yaani tarishi wangu alikuwa mtakatifu: alikata tamaa pale tu jibu lilipokuwa haliwezi kuja tena. Jibu la kuchelewa, lile linalokuja baada ya wewe kuchoka, halikuwepo kwenye dunia yangu. Sikulikataza kwa makusudi. Nililikataza kwa kuchagua neno lililofanana na nilichokuwa nakifikiria.

Ofisini sikunywa chai. Nikafuta `timeout` nikaweka `true`, herufi nne: tarishi anaweza kuchoka wakati wowote apendao. Sekunde haikuisha.

Makosa: 1.

Nikaiamuru SPIN inisimulie. Ikatoa mistari 19, nami nikainakili kwa mkono kwenye karatasi ya mzee, kwa Kiswahili, maana nilitaka kuiona polepole. Mteja wa kwanza anaomba. Ombi linakwenda. Tarishi anachoka, anarudisha pesa. Mteja wa pili anaomba. Ombi linakwenda. Muuzaji, ambaye alikuwa polepole tu na si mfu, anamjibu wa kwanza. Tarishi anangoja jibu. Jibu limekuja. Anampa wa pili.

Na jibu la wa pili, likija, litampata tarishi akimngojea wa tatu. La wa tatu litakwenda kwa wa nne. Foleni nzima inasogea hatua moja, kila mtu anapewa umeme wa aliyemtangulia, na kwa kuwa tokeni imefumwa kwa mita moja tu, kila mita inakataa. Hadi mtu mmoja azime seva na kuiwasha, mawasiliano yakatike, majibu ya njiani yapotee, na foleni irudi sawa. Dawa yetu ilikuwa inatibu kweli! Ndiyo maana hatukuuona ugonjwa. Jioni wanunuzi wakiwa wengi muuzaji anazidiwa, mmoja anachelewa kwa sekunde moja zaidi ya 60, basi.

Bosi alinisikiliza amesimama. Nilipofika penye sisi kulipia umeme wa mteja ambaye pesa yake tumeshamrudishia, akakaa.

Mzee alikuwa na dawa. Alinisimulia habari ya Waingereza watatu wa National Physical Laboratory ambao mwaka 1969 walionyesha kwamba biti moja inatosha: ombi hili lipe 0, linalofuata 1, kisha 0 tena, jibu lirudi na biti yake, biti isipolingana, litupe. Tarakimu moja tu! Nikaiandika kwenye Promela kwa wateja wawili. Makosa: 0. Mzee akatabasamu, akaanza kukunja karatasi zake.

Sijui kwa nini niliongeza wa tatu. Nadhani ile sifuri ya kwanza ilikuwa bado inanichoma. Makosa: 1. Wa kwanza ana 0, tarishi anachoka. Wa pili ana 1, tarishi anachoka. Wa tatu ana 0, na hapo ndipo jibu la wa kwanza linapoingia, nalo lina 0.

Mzee akavua miwani, akaisoma mistari ile mara mbili, kidole kikitembea.

"Wale Waingereza," akasema hatimaye, "hawakuwa wanakata tamaa. Mtumaji wao anarudia ombi lile lile mpaka ajibiwe. Sisi tunakata tamaa." Akafunua karatasi alizokwisha kuzikunja. Nilimheshimu kwa mambo mengi, na kwa hilo zaidi.

Tulihitaji namba isiyorudi haraka hivyo. Nikafungua waraka wa wauzaji wa umeme nione kama wataturuhusu kubandika namba kwenye ombi. Ukurasa wa pili tu: namba ya rejea, tarakimu 12, itarudishwa kwenye jibu kama ilivyotumwa. Ilikuwapo siku zote. Kwenye programu yangu, mahali pa namba hiyo, palikuwa na sifuri 12. Nilinakili mfano wa waraka siku ya kwanza ya kazi, mfano ulikuwa na sifuri, nami nikaziacha.

Marekebisho yalikuwa mistari sita. Kuwaeleza wenzangu kwamba kosa ni langu kulichukua muda mrefu zaidi, na wale wawili wa nyuma walicheka tena, safari hii kwa haki.

Kwa kuwa sasa nilijua nini cha kutafuta, niliweza kurudi kwenye kumbukumbu za zamani na kuifuata foleni ilivyosogea. Nikampigia yule mama wa Mbagala. Cherehani ilikuwa inalia nyuma yake. Nikajitambulisha, nikamwambia ile namba aliyopewa ilikuwa ya mtu wa Kimara, na yake alipewa kinyozi mmoja wa Tabata.

Cherehani ikanyamaza.

"Si niliwauliza siku ile, mkacheka?"

"Uliuliza, mama. Samahani sana."

"Haya. Na ya kinyozi kapewa nani?"

Nikamwomba asubiri kidogo, nikashusha macho kwenye mstari unaofuata.