Mdomo kwanza, mkono baadaye

Mimi ni mtoto wa kidumbak, muziki wa harusi wa Zanzibar unaopigwa kwa ngoma ndogo mbili, nazo huitwa vidumbak. Ngoma niliipokea Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar, harusini, nikikaa nyuma ya wakubwa zangu na cherewa, yaani kayamba za kutikisa, mkononi. Hakuna aliyenihesabia mapigo. Niliambiwa "sikiliza sanduku", basi. Sanduku ndilo besi letu, fimbo na uzi mmoja, na likibadili mwendo wote mnabadilika nalo.

Kidumbak hakina pumziko. Nyimbo huunganishwa moja baada ya nyingine, kasi ikipanda kidogo kidogo, na wale wawili wenye vidumbak hawana ruhusa ya kuchoka. Mmoja anashika mwendo, mwenzake anapamba. Mimi nilikuwa wa kushika, na naamini huko ndiko ualimu wangu ulikoanzia, maana anayeshika lazima awasikie wote.

Taarab ya ukumbini ilinidai kitu kingine. Zanzibar ina vikundi vikongwe, Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, na watu wake huja kusikiliza maneno. Ukiingia na nguvu za harusini unamfunika mwimbaji. Nilijifunza kupiga kwa uchache: dumbak, ngoma ya mkono, chini ya fidla na ganuni, ala ya nyuzi nyingi, na rika, tari ndogo yenye njuga, ikitikiswa pale tu panapohitaji kung'aa. Ilinichukua muda mrefu kuupenda utulivu huo. Sasa siwezi kuishi bila huo.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, wazo la kusomea ngoma na kupewa cheti lilikuwa geni kwetu. Nami nilipoanza kufundisha nikagundua kwamba mikono yangu inajua mambo ambayo mdomo wangu haujawahi kuyasema. Mwanafunzi ananiuliza, "Maalim, kushoto kunaingia wapi?" Nalazimika kupiga polepole mno mpaka nijione mwenyewe.

Ndiyo maana darasani kwangu hakuna anayegusa ngozi siku ya kwanza. Tunaanza na mdomo: dum, tak-tak, dum, tak. Asiyeweza kulitamka pigo hataweza kulipiga. Kisha miguu. Chukua chakacha, ngoma ya kuchezwa ya pwani: mapigo sita, mepesi ukiyatazama. Nusu ya darasa wapige makofi kwenye la kwanza na la nne; nusu nyingine kwenye la kwanza, la tatu na la tano. Mwanzoni ni vurugu tupu. Halafu ghafla zinakaa pamoja, mbili ndani ya tatu, na nyuso zinabadilika. Hapo nawaambia wabadilishane. Nikipewa saa nzima kwa zoezi hilo moja naitumia yote, kwa sababu muziki mwingi wa pwani yetu unaishi humo. Nota tunaandika pia, na nazithamini, lakini huja baada ya mwili kuelewa.

Furaha yangu kubwa ni wasichana. Kwenye taarab ya ukumbini kwa muda mrefu wanawake waliimba na wanaume wakashika ala, ilhali kwenye unyago ngoma ni ya wanawake wenyewe. Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliimba na kuupiga msondo, ngoma ndefu ya unyago, akiwa amesimama, kwa nguvu ambazo vijana wengi hawana. Leo kuna Tausi, kundi la taarab la wanawake wanaopiga ala zao wenyewe. Wanafunzi wangu wa kike hawaniulizi tena kama wanaruhusiwa. Wananiuliza lini watapiga jukwaani.

Muhula ujao nataka kila mmoja awambe ngoma yake. Ngozi za plastiki zinafaa, hazilegei masika, lakini anayezijua hizo peke yake hajui kwa nini wazee huwasha moto kabla ya ngoma kuanza. Nimeshaongea na mchinjaji kuhusu ngozi za mbuzi. Tutaziloweka, tutanyoa manyoya, tutavuta kamba pamoja, kisha tuzianike uani.