Nilivyoinoa Whisper kwa ajili ya Kiswahili: kipimo kwanza, mafunzo baadaye

OpenAI ilipotoa Whisper mwezi Septemba 2022, modeli hiyo ya kugeuza sauti kuwa maandishi ilikuwa imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Mgawanyo wa saa hizo ndio unaoeleza tabia yake. Takriban saa 438,000 ni Kiingereza, nyingine 125,000 ni lugha mbalimbali zilizotafsiriwa kwenda Kiingereza, na zinazobaki 117,000 zinagawanwa na lugha 96 kwa maandishi ya lugha zenyewe. Kiswahili kimo humo kwa kisehemu kidogo mno. Ndiyo maana modeli inakitambua Kiswahili lakini inakata maneno pasipostahili, inameza viambishi, na kwenye ukimya inajiandikia sentensi ambazo hakuna aliyezisema.

Kazi niliyoifanya ni kuinoa modeli hiyo, yaani kuiendelezea mafunzo, isome mazungumzo ya Kiswahili kwa kutumia kadi moja ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 16. Naieleza hapa kwa mpangilio ninaoamini ndio sahihi. Mafunzo yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Uzito wote uko kwenye kipimo na kwenye data.

Kipimo cha kawaida ni WER, yaani kiwango cha makosa ya maneno: unajumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyodondoshwa na yaliyoongezwa, kisha unagawa kwa idadi ya maneno ya andiko sahihi. Kwa Kiswahili kipimo hiki peke yake kinapotosha. Chukua sentensi "Mwalimu hakumwambia mtoto aje kesho", maneno matano. Modeli ya kwanza ikiandika "Mwalimu haku mwambia mtoto aje kesho", hilo ni neno moja lililobadilishwa na moja lililoongezwa: makosa 2 kati ya 5, asilimia 40. Modeli ya pili ikiandika "Mwalimu alimwambia mtoto aje kesho", hilo ni kosa 1 kati ya 5, asilimia 20. Kwa WER, modeli iliyogeuza maana yote juu chini ndiyo bora mara mbili.

Kwa hiyo nilipima pia makosa ya herufi. Sentensi hiyo ina herufi 35 ukihesabu na nafasi. Nafasi moja iliyozidi kwenye "haku mwambia" ni takriban asilimia 3. "Alimwambia" badala ya "hakumwambia" ni mabadiliko matatu, karibu asilimia 9. Mpangilio umerudi mahali pake. Tangu hapo, uamuzi wowote wa kuchagua toleo la modeli niliufanya kwa makosa ya herufi, na WER nikaiacha kwa ajili ya kulinganisha na kazi za watu wengine.

Hata hivyo asilimia 9 haitoshi kwa kosa la namna hiyo, maana ripoti ya matibabu au ya malipo inaharibika kabisa kwa silabi moja. Niliandika programu fupi ya kukagua ukanushi. Inalinganisha kila neno sahihi na lile lililoandikwa na modeli mahali pale pale, kisha inatoa alama neno moja likiwa na si-, hu-, ha-, hatu-, ham- au hawa- mwanzoni, au -si- ndani, na mwenzake likawa halina. Orodha ya maneno ya kuruka ni lazima: habari, haki, hadi, hapa, hata, hasa na mengine ya aina hiyo yanaanza na ha- bila kukanusha chochote. Hu- inahitaji jicho la mtu, kwa sababu "hula" ni mazoea na "huli" ni kanusho. Chanzo cha makosa haya ni sauti yenyewe: h ya mwanzo ni pumzi nyepesi, na kwenye simu au chumba chenye kelele inapotea, hivyo "hawakuja" inabaki "awakuja" na modeli inajitafutia neno lililo karibu.

Kabla ya kupima, andiko sahihi na andiko la modeli yote mawili yapitishwe kwenye usawazishaji mmoja, yaani kuondoa tofauti za uandishi ambazo si makosa ya usikivu. Kisawazishi cha lugha zote kinachokuja na Whisper kinageuza kila alama ya uakifishi kuwa nafasi. Kwa Kiingereza hakitumiki, kwa sababu kuna chake. Kwetu kinavunja ng'ombe kuwa "ng" na "ombe", na ng'ambo kuwa "ng" na "ambo". Modeli ikiandika "ngombe" unahesabiwa makosa mawili. Suluhisho ni hatua mbili. Kwanza geuza kila aina ya apostrofi iliyopinda kuwa ile ya wima, maana maandishi ya watu yana aina tatu au nne. Pili, badilisha ng' kuwa ŋ kabla ya kisawazishi kufanya kazi. ŋ ni herufi halali, haiguswi, na neno linabaki moja.

Tarakimu ndizo zilizohitaji fikra zaidi. Whisper inapenda kuandika "vitabu 2" hata msomaji akisema "vitabu viwili". Ukijaribu kugeuza 2 kuwa neno, unahitaji kujua ngeli: viwili, wawili, mawili, miwili, mbili. Ni rahisi zaidi kwenda upande wa pili na kugeuza maneno yote hayo kuwa 2. Zinazobeba viambishi vya ngeli ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane tu. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Usitumie kanuni ya mwisho wa neno. Ukiambia programu kwamba kila kinachoishia na -tano ni 5, itakula mkutano na mapatano, na -wili itakula mwili. Andika maneno kamili, moja moja. Orodha nzima ni fupi. Kanuni hii ni ya kupimia tu: kwenye maandishi ya kufunzia niliandika namba zote kwa maneno, kwa sababu modeli ikiona mitindo miwili inajifunza kubahatisha.

Chanzo kikuu cha data ni Common Voice ya Mozilla, ambayo ina Kiswahili na inatolewa kwa leseni ya CC0, hivyo mtu yeyote anaweza kuitumia. Rekodi zake ni faili za MP3, kila moja sentensi moja iliyosomwa. Zigeuze ziwe za chaneli moja na 16 kHz (sampuli 16,000 kwa sekunde), maana Whisper haipokei kingine. Gawanya data ya kufunzia na ya majaribio kwa wasemaji kwa kutumia safu ya client_id, ambayo ni utambulisho wa kila msemaji, asiwepo msemaji wa kufunzia kwenye majaribio. Hakikisha pia kwamba sentensi ya majaribio haimo kwenye mafunzo kupitia sauti ya mtu mwingine. Modeli ikiwa imeshaikariri sentensi, unapima kumbukumbu yake wala si usikivu.

Usafishaji niliufanya kwa vichujio viwili. Cha kwanza ni mwendo: herufi za andiko zigawanywe kwa sekunde za rekodi. Chini ya 4 kwa sekunde mara nyingi kuna ukimya mrefu au maneno yasiyoandikwa. Juu ya 25 rekodi imekatika kabla sentensi haijaisha. Cha pili ni kuipitisha data yote kwenye modeli ambayo bado haijanolewa na kusikiliza kwa masikio kila rekodi ambayo makosa ya herufi yanazidi asilimia 50. Nyingine ni ngumu kwa haki na zinabaki. Nyingine andiko lake ni la sentensi tofauti kabisa, na hizo ndizo zinazoharibu mafunzo kimyakimya.

Sasa, jambo ambalo maelekezo mengi hayaligusi. Whisper inasoma dirisha la sekunde 30: sampuli 480,000 zinageuzwa kuwa fremu 3,000 za spektogramu (picha ya masafa ya sauti), na rekodi fupi inajazwa ukimya hadi kufika hapo. Ukiifunza kwa rekodi za sekunde chache tu, inajifunza kwamba baada ya sentensi moja kazi imekwisha. Ukiipa mazungumzo ya nusu dakika inaandika sentensi ya kwanza na kunyamaza. Dawa ni kuunganisha rekodi za msemaji mmoja, zikiwa na kijinafasi cha nusu sekunde kati yake, hadi zifike sekunde 25 au 28. Nilichanganya karibu nusu kwa nusu, fupi na zilizounganishwa. Angalia tu kikomo cha tokeni 448, yaani vipande vya maneno, upande wa maandishi. Maneno ya Kiswahili yanakatwakatwa vipande vingi kwa kuwa mgawanyo wa tokeni haukujengwa kwa ajili yake, na andiko linalovuka kikomo lazima liondolewe au ligawanywe.

Kwa sauti za simu, nilichukua sehemu ya rekodi bila mpangilio, nikazishusha hadi 8 kHz kwa programu ya ffmpeg kisha nikazipandisha tena 16 kHz. Ukishusha hivyo, kila kilicho juu ya 4 kHz kinapotea, na huko ndiko s, sh, f na th zinakotofautiana. Modeli isiyowahi kuona upungufu huo inachanganya "shona" na "sona". Pia niliongeza vipande vya ukimya, feni na muziki vyenye andiko tupu, kiasi cha asilimia 2 au 3 ya data. Vinafundisha kwamba kutoandika kitu ni jibu sahihi.

Kuhusu ukubwa, hesabu inaamua. Kufunza modeli nzima kwa Adam, kanuni ya kawaida ya kusahihisha vigezo (namba ambazo modeli hujifunza), kunahitaji takriban baiti 16 kwa kila kigezo. Whisper ndogo yenye vigezo milioni 244 inataka karibu GB 4 kabla ya kuhesabu kumbukumbu ya matokeo ya kati, hivyo inaingia bila shida. Ile kubwa ya bilioni 1.55 inataka karibu GB 25, na haiingii. Hapo ndipo LoRA, mbinu iliyotangazwa 2021, inapookoa: matriki (jedwali la namba) ya awali inagandishwa, na pembeni yake zinafunzwa matriki mbili nyembamba. Kwa matriki ya 1280 kwa 1280 na upana wa 32, badala ya namba 1,638,400 unafunza 81,920. Ukiziweka kwenye q_proj na v_proj, matriki mbili za sehemu ya umakini (attention), za tabaka zote za modeli kubwa, jumla ni vigezo milioni 15.7, asilimia 1 tu ya modeli.

Mipangilio niliyoshika: kwa modeli ndogo nzima, kasi ya kujifunza (ukubwa wa kila sahihisho) 1e-5, yaani 0.00001, hatua 500 za kupasha moto, ambamo kasi hupanda polepole, bechi (rekodi kwa mara moja) 16 na ulimbikizaji wa hatua 2 kabla ya kila sahihisho. Kwa LoRA, upana 32, alfa (nguvu ya matriki hizo nyembamba) 64, dropauti (kuzima namba chache kwa bahati) 0.05 na kasi 1e-3. Kasi ya 1e-5 kwa LoRA haisogezi kitu. Ukiwasha gradient checkpointing, mbinu ya kuokoa kumbukumbu kwa kurudia mahesabu, pamoja na LoRA, programu hulalamika kwamba hakuna kinachohitaji gradienti (mwelekeo wa sahihisho). Lazimisha matokeo ya tabaka la kwanza la konvolusheni yadai gradienti na itaendelea. Taja lugha na kazi waziwazi, Kiswahili na kuandika. Ukiiacha modeli ijitambulie lugha, rekodi fupi huangukia lugha nyingine, na kazi ikiwa kutafsiri utapata Kiingereza. Kila hatua 500 pima kwa kuandikisha sauti za majaribio kabisa, usitazame hasara (kipimo cha kosa ambacho mafunzo hukipunguza) peke yake, kwa sababu hasara inaweza kupanda huku makosa ya herufi yakiendelea kushuka.

Baada ya mafunzo, mihuri ya muda ya modeli, yaani alama za neno lilisemwa sekunde ya ngapi, huwa imedhoofika, kwa sababu maandishi ya kufunzia hayakuwa nayo. Sikuitegemea tena. Nilikata rekodi ndefu kwa Silero VAD, modeli ndogo ya kutambua mahali mtu anapoongea, nikatuma vipande vyenye sauti ya mtu tu, na muda nikauchukua kutoka kwenye ukataji huo. Zima condition_on_previous_text, mpangilio unaoipa modeli andiko la kipande kilichotangulia: ukiwa umewashwa, kosa la kipande kimoja linarithiwa na kinachofuata na modeli inaanza kurudia kirai kimoja mfululizo. Kichujio cha Whisper cha uwiano wa mgandamizo wa maandishi, kikiwekwa 2.4, kinakamata marudio mengi yaliyobaki, kwa kuwa maandishi yanayojirudia hugandamizwa kupita kiasi.

Tatizo ambalo data ya kusomwa haiwezi kulitibu ni kuchanganya lugha. Mtu akitupia neno la Kiingereza katikati ya sentensi, modeli iliyonolewa kwa Kiswahili safi inaliandika kwa tahajia ya Kiswahili. Kinachosaidia ni saa chache za mazungumzo halisi, yaliyoandikwa na mtu kwa mwongozo mmoja unaosema neno gani linaachwa kwa tahajia yake ya asili. Saa moja ya data hiyo naithamini kuliko saa nyingi za sentensi zilizosomwa, na ndiyo ninayoiongeza kila ninapopata idhini ya wasemaji.

Kupeleka modeli kwenye kompyuta isiyo na kadi ya grafiki ni kazi fupi: unganisha LoRA na modeli mama, geuza kwenda faster-whisper, programu ya kuendesha Whisper kwa kasi, kwa namba za int8 (namba nzima za biti 8), kisha rudia jaribio la makosa ya herufi na ukaguzi wa ukanushi kwenye toleo lililogeuzwa. Usiruke marudio hayo. Ubanaji wa namba unaweza kubadilisha matokeo, na h ya "hawakuja" ni ya kuangaliwa kwanza.