Mwenye bodalaini anaambiwa angoje mpaka lini?

Jamani hili jambo limenikaa kooni siku nyingi, acha niliseme. Mtu ana bodalaini, ile BPD, yaani ugonjwa wa akili ambao hisia zinakuwa kali na kubadilika ghafla, mahusiano yanayumba na mtu anaweza kujidhuru, na juu yake ana kiwewe cha mambo aliyofanyiwa utotoni, usiku majinamizi, mchana akiguswa bega tu anaruka, alafu akienda terapia anaambiwa tulia kwanza, hayo mambo tukiyafukua sahivi utajidhuru. Basi anangoja, miaka inaenda, hakuna anayemwambia hiyo "kwanza" inaisha lini, na kumbe mara nyingi hicho kiwewe ndo kinachomnyima huo utulivu wanaoudai!

Hofu ya madaktari naielewa, mtu anaweza kufa kweli. Ila jibu lipo. Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle ndo alianzisha DBT, terapia inayomfundisha mtu kuhimili hisia kali bila kujiumiza (na 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa na miaka 17, mi namheshimu sana kwa hilo). Baadaye mwanasaikolojia Melanie Harned akaiunganisha na tiba ya kiwewe ya mwanasaikolojia mwenzake Edna Foa. Unaanza na DBT, ukimaliza angalau miezi 2 hujajidhuru wala kujaribu kujiua, mnaingia kwenye kiwewe chenyewe, unafumba macho unasimulia lile tukio kana kwamba linatokea sasa hivi, sauti inarekodiwa, nyumbani unaisikiliza tena na tena, na pole pole unarudi kwenye vitu ulivyokuwa unavikwepa ila havina hatari, mpaka hofu inashuka. Ukijidhuru katikati mnasimama, mnarudi kwanza kwenye stadi za DBT. Na kwenye utafiti wa Harned waliopitia hiyo njia hawakuzidi kujidhuru kuliko waliopewa DBT peke yake.

Ujerumani nako, Mannheim, kundi la Martin Bohus lilitoa matokeo 2020, wanawake 193 walioteswa utotoni, wote wana dalili zisizopungua 3 za bodalaini, wakagawanywa kwenye tiba mbili tofauti za kiwewe, zote zikasaidia, ile iliyojengwa juu ya DBT ikasaidia zaidi kidogo.

Kwahiyo ndugu yangu ukiambiwa subiri, muulize terapista wako kwa upole tu, nikifikia wapi ndo tutaanza, na akuandikie.