Nati Mbili

Desemba 2012, likizo ya kidato cha tatu, nilikuwa nikishinda gereji kwa mjomba, Chikongola, Mtwara mjini. Kazi yangu kuosha vyuma kwa petroli na kupokea kelele: "Lete nati ya kumi na saba! Siyo hiyo!" Nilivumilia, maana Kiingereza nilikuwa nacho mimi. Mjomba aliishia darasa la nne.

Siku hizo wageni wa gesi walijaa mji. Likaingia gari kutoka Msimbati, kulikogunduliwa gesi mwaka 1982, mchanga hadi kwenye vioo. Mzungu akashuka akiongea mbio mbio. Nikadaka neno moja tu: nuts. Akaonyesha vidole viwili.

"Anasemaje, mjomba?" mjomba akaniuliza.

"Anataka korosho. Kilo mbili."

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Msimu wa korosho, Mtwara, mzungu atafute nini kingine?

Nikakimbia kwa mama mmoja mtaa wa nyuma, akizichoma kwenye kipande cha pipa alichokitoboa matundu. Maganda yalikuwa yakitema mafuta, moto unaruka, moshi unawasha macho. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, ngozi imechubuka. Mafuta yale hayana huruma. Akanipimia kwa mali kauli.

Narudi, mjomba kachuchumaa kwenye tairi la nyuma. "Nati mbili hazipo. Katoka nazo Msimbati hivi hivi?"

Nati! Lile la darasani na hili la gereji, kumbe mtu mmoja. Nilikuwa nikiyasikia yote mawili kila siku, sikuwahi kuyakutanisha.

Mzungu akatazama korosho, akatazama tairi, akacheka hadi akashika boneti. Kisha akagonga kichwa chake kwa kidole, akasema nuts tena. Nikanuna, nikidhani ananitukana. Kumbe alikuwa akijisema mwenyewe: kichaa, kuendesha gari katika hali ile.

Baadaye kwenye baiolojia nikasoma kwamba kwa wataalamu wa mimea korosho siyo nut kabisa, ni mbegu tu, inayoning'inia chini ya bibo. Yaani hata kile nilichokimbilia nilikosea.

Mjomba akachokora kopo la siagi lililojaa vyuma, akapata mbili zinazoingia, akafunga, akataja bei yake kwa Kiswahili na mzungu akaelewa. Halafu akanigeukia. "Haya, msomi, mtajie ya korosho."

Nikaonyesha vidole.