Leo tumeitwa kabla mambo hayajapikwa

Kikao cha kuboresha kliniki kimekula asubuhi yote, na sijachukia. Zamani sisi WAVIU washauri, yaani watu tunaoishi na virusi vya UKIMWI na kuwashauri wenzetu, tulikuwa tunaitwa maamuzi yakiwa tayari: unatoa ushuhuda, unapigiwa makofi, unasaini nauli, unaondoka.

Leo hoja ilikuwa watu wanaoacha kuja kuchukua dawa. Bwana mmoja wa mradi alishakuja na jibu lake kwenye kompyuta: kila mteja akumbushwe tarehe yake kwa ujumbe wa simu. Mwenzangu akamuuliza kwa upole, "Samahani kaka, na kama simu anashika mume?" Yule bwana akaifunga kompyuta nusu, akachukua kalamu. Hapo nikampenda.

Mama mmoja akatoa kwenye mkoba chupa ya ARV, hizi dawa zetu za kufubaza virusi, akaitikisa. Inalia kama kayamba. Ndani ya daladala, anayeimeza anaijua sauti ile, na asiyeijua anageuka kutazama. Ndiyo maana wengine huhamishia vidonge kwenye bahasha wakiwa bado getini, au huijaza chupa pamba. Mfamasia ametugombeza sana kwa hizo bahasha, na hakukosea, maana unyevu unaharibu dawa. Lakini leo ndiyo kwanza ameuliza kwa nini tunafanya hivyo. Wamekubaliana na yule mama: pamba safi itakuwepo dirisha la dawa, anayetaka awekewe hapohapo, dawa ibaki kwenye chupa yake.

Halafu benchi. Tunakosubiria panatazamana na kijiwe cha bodaboda, kila dereva anajua nani kaja lini. Litahamishiwa nyuma, chini ya mwembe. Hakuna bajeti hapo, ni watu wawili wa kulibeba tu.

Madai yetu wala si mageni. Juni 1983, huko Denver, Marekani, watu wenye UKIMWI walidai nafasi katika kila ngazi ya maamuzi. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, nchini Uganda pamoja na wenzake, kadhaa wao wakiishi na virusi. Tarehe 1 Desemba 1994 serikali 42 zikatia saini tamko la Paris kuhusu UKIMWI, likataja waziwazi kutushirikisha. Saini zote hizo, na benchi letu bado lilikuwa linatazama barabara!

Posho imeahirishwa, kama kawaida. Maofisa wanalipwa ya siku, sisi nauli, wakati kilichobadilisha mpango leo ni maneno yetu. Nimelisema na nimesimamia liandikwe kwenye muhtasari. Nakala nitaidai.

Kikao kijacho wanataka niwaletee kijana mmoja. Nimekataa. Kijana mmoja katikati ya watu wazima ataitikia kila kitu ili atoke salama. Nitaleta wawili, wa kike na wa kiume, na nimeomba kikao kiwe Jumamosi, kwa sababu siku nyingine wako shule.